Antaktika imeongezeka barafu 2021–2023? Hiyo setilaiti inapimaje uzito jamani?

#1 Kipimajoto
Wakuu, salaam.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa anasema barafu ya Antaktika imeongezeka na kwamba tumedanganywa miaka yote. Nikajua ni porojo. Nilipofuatilia nikakuta utafiti upo kweli, wa Chuo Kikuu cha Tongji, China, umetoka 2025. Wanasema kati ya 2011 na 2020 Antaktika ilikuwa inapoteza kama tani bilioni 142 kwa mwaka, halafu 2021 hadi 2023 ikageuka, ikawa inaongeza kama tani bilioni 108 kwa mwaka. Wamepima kwa setilaiti za graviti, yaani zinazopima mvutano wa dunia.

Sasa nisaidieni. Chombo kiko karibu kilomita 500 juu, hakijagusa barafu, uzito kinaujuaje? Na tukikiamini kiliposema inapungua, tunakikataaje kinaposema imeongezeka?

Wajuzi karibuni. Wa siasa pia mje, ila kwa staha.

#2 Mama Kisamvu
Nimewahi siti ya mbele. Leteni darasa, daftari ninalo.

#3 Bwana Shaka
Hamna kitu hapo mkuu, ni biashara ya kaboni. Leo inapungua, kesho imeongezeka, keshokutwa tunaambiwa tuache mkaa. Tani bilioni 142, wamezihesabu kwa kidole?

#4 Mkaa Baridi
Kipimajoto, nasomea mambo haya huku Ujerumani, nijaribu.

Kule juu kuna setilaiti pacha, moja mbele moja nyuma, zimeachana kama kilomita 220. Kazi yake ni kupimana umbali usiku na mchana kwa mawimbi ya maikrowevu. Chukulia malori mawili yanafuatana usiku kwenye Kitonga. Wewe uko lori la nyuma, mlima huuoni, unaona taa za mwenzako tu. Taa zikikimbia unajua kaanza kuteremka. Zikikurudia unajua kashika mpando. Ukiziangalia taa hizo njia nzima, umbo la barabara unalijua bila kuiona.

Mahali penye mzigo mkubwa, kama barafu nene, hapo mvutano umezidi. Pacha wa mbele anavutwa kwanza, anachomoka kidogo, nafasi inapanuka. Wa nyuma akifika naye anavutwa, nafasi inarudi. Tunachosoma ni mabadiliko ya mikromita chache, pembamba kuliko unywele. Wanapita karibu na ncha zote mbili, mzunguko mmoja dakika kama 94, na kwa mwezi mmoja wanakuwa wameifunika dunia vya kutosha kuchora ramani ya mvutano. Toa ramani ya Januari hii kwenye ya Januari iliyopita, na kilichobaki ni vitu vilivyohama: maji, theluji, barafu.

Pacha wa kwanza ni GRACE, walirushwa kutoka Marekani Machi 2002, mradi wa NASA na DLR, shirika la anga la Ujerumani. Wa sasa ni GRACE-FO, tangu Mei 2018. Wastani wa muda wote huo, kwa hesabu za NASA, Greenland inapoteza kama tani bilioni 270 kwa mwaka, Antaktika kama 140 hivi.

#5 Mama Kisamvu
Mkaa Baridi, nimekuelewa mpaka nimeogopa. Kwa hiyo nikinenepa wanajua?

#6 Mtoto wa Ngomeni
#4 kaeleza vizuri ila kuna kitu karuka. Kilomita 500 juu hewa bado ipo, nyembamba sana, lakini inakwaruza chombo. Mwanga wa jua nao unasukuma. Pacha mmoja akisukumwa na hewa, wewe chini utasema kavutwa na barafu. Ndiyo maana kila mmoja kawekewa kipima mchapuko katikati kabisa ya uzito wake, kazi yake kusoma misukumo yote isiyo ya graviti ili itolewe kwenye hesabu. Bila hicho kifaa hakuna Greenland wala Antaktika.

Na hapo sisi wa Malindi tuna la kusema. Majukwaa ya San Marco pale Ngomeni, ya Waitaliano, yako baharini mpaka leo, ukitoka na mashua unayaona na miguu yake imeshika kutu. Aprili 1967 walirusha San Marco 2 kutoka pale, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kupima hewa inavyokwaruza chombo juu ya ikweta, kwa kifaa alichobuni Profesa Luigi Broglio. Hii elimu ya kuutenga msukumo wa hewa ilipitia kwetu mapema sana. Marehemu babu alikuwa mvuvi, akisema siku za kurusha hukaribii, unakaa pwani unatazama moshi.

#7 Mama Kisamvu
Kumbe Waitaliano hawakuja Malindi kwa pasta tu.

#8 Jaduong Ziwa
Na msisahau ile ya 12 Desemba 1970. Marekani walirusha setilaiti yao ya miale ya eksirei kutoka hapo hapo Ngomeni, wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Wakenya wengi hawajui hii story.

#9 Fundi Levo
Marekebisho kwa #4. GRACE ya kwanza haikurushwa Marekani. Ilirushwa Plesetsk, Urusi, kwa roketi ya Rockot. GRACE-FO ndiyo iliyorushwa Marekani, Vandenberg, California.

Nikiwa hapo, niongeze ambayo watu wa grafu hawapendi kuyasema. Mimi ni mpima ardhi, kifaa kikishachoka nakijua kwa hesabu zake. Pacha wale walikusudiwa miaka mitano wakavutwa mpaka 15. Betri zikazeeka. Kuanzia 2011 vifaa vikawa vinazimwa kwa vipindi, ndiyo maana grafu ina miezi yenye mapengo. 2016 kipima mchapuko cha pacha mmoja kikazimwa moja kwa moja. 2017 kazi ikaisha, na karibu mwaka mzima hapakuwa na kipimo mpaka GRACE-FO ilipoanza. Nayo hii mpya, kipima mchapuko cha mmoja wao kina kelele tangu miezi ya mwanzo, wakaamua kuchukua data za mwenzake na kumpandikizia.

Mwaka 2021 unaoleta mjadala hapa umepimwa katika hali hiyo. Sisemi ni uongo. Nasema mjue.

#10 Bwana Shaka
"Kumpandikizia data." Asante Fundi Levo, umemaliza uzi. Mods fungeni.

#11 Mkaa Baridi
Bwana Shaka, usikimbie bado. Kilomita 220 kwa mwendo wao ni kama nusu dakika. Pacha wa nyuma anapita hewa ileile, mahali palepale, sekunde kama 29 baada ya mwenzake. Ukiujua msukumo wa mmoja, wa pili unaukaribia sana kwa kusogeza saa. Kelele inaongezeka, ndiyo, na makosa ya hesabu yanaandikwa makubwa zaidi. Kupika data ni jambo jingine.

Plesetsk ni sahihi.

#12 Dada Hesabu
Tumeshabishana vya kutosha kuhusu kifaa. Kifaa hujaribiwa mahali ambapo jibu unalo mkononi, na sisi jibu tunalo hapa nyumbani: Ziwa Victoria.

Lina eneo la kama kilomita za mraba 68,800. Maji yakipanda mita moja, ni tani bilioni 69 hivi zimeongezeka. Kina chake kinasomwa pale Jinja tangu enzi za ukoloni, kwa kijiti cha kupimia chenye alama, hakihitaji roketi. Ziwa lilishuka vibaya mpaka 2006. GRACE ikaonyesha uzito wa eneo hilo umepungua. Likapanda kuanzia mwisho wa 2019 mpaka rekodi ya Mei 2020, GRACE-FO ikaonyesha umeongezeka. Kijiti na setilaiti havijuani, na vimesema neno moja.

Sasa geuza hesabu. Greenland kupoteza tani bilioni 270 ni sawa na kushusha Ziwa Victoria lote, kutoka Mwanza mpaka Kisumu mpaka Entebbe, karibu mita nne. Kila mwaka. Mwaka 2019 peke yake Greenland ilipoteza tani bilioni 532, hapo ni karibu mita nane. Ishara ya ukubwa huo haiwezi kuwa kelele ya betri.

#13 Jaduong Ziwa
Dada Hesabu heko. 2020 niliiona mwenyewe. Pale Dunga vibanda vya samaki vilikuwa ndani ya maji, tulikuwa tunavua viatu kuingia kula. Jamaa yangu alihamisha jiko mara mbili, mwisho akaamua kupikia juu ya kreti za soda.

Lakini ile ya 2006 si mvua peke yake. Kule Jinja mabwawa yalifungulia maji kupita kiasi cha makubaliano.

#14 Bwana Shaka
Sasa huoni umenisaidia? GRACE iliona maji yamepungua, haikusema nani kayaachia. Vivyo hivyo inaona Antaktika imepungua. Sababu mnajazia wenyewe.

#15 Dada Hesabu
Na hapo tunakubaliana kabisa. Setilaiti inapima uzito tu. Kwa nini umebadilika, hiyo ni kesi nyingine.

#16 Mama Kisamvu
Bwana Shaka kakubaliwa kitu. Wekeni alama kwenye kalenda.

#17 Fundi Levo
Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana mmeuzunguka.

Uzito unaoonekana pale Antaktika si wa barafu peke yake. Chini ya barafu kuna mwamba, na chini ya mwamba kuna tabaka linalotiririka polepole mno. Enzi ya barafu iliyopita mzigo ulikuwa mkubwa, mwamba ukadidimia. Mzigo ulipopungua maelfu ya miaka iliyopita, mwamba ukaanza kurudi juu, na haujamaliza. Unaporudi, tabaka la chini linajaa kutoka pembeni na kuongeza uzito. Setilaiti inajumlisha vyote: barafu inayotoka juu na mwamba unaojaa chini. Ili upate barafu peke yake lazima utoe mchango wa mwamba, na mchango huo haupimwi moja kwa moja. Unatoka kwenye modeli.

Greenland shida hii ni ndogo. Antaktika ni kubwa. Hesabu za kwanza kabisa, za Velicogna na Wahr mwaka 2006, marekebisho ya mwamba yalikuwa makubwa kuliko ishara iliyopimwa yenyewe. Modeli za baadaye zikayashusha sana. Halafu wakaweka GPS kwenye vilele vya mawe vinavyochomoza karibu na Bahari ya Amundsen, wakakuta mwamba unapanda hadi milimita 41 kwa mwaka. Hakuna aliyetegemea mwendo huo. Maana yake tabaka la chini pale ni laini kuliko modeli nyingi zilivyodhani, na upungufu wa barafu wa upande huo ulikuwa umehesabiwa mdogo kuliko ulivyo.

Kwa hiyo ukiniuliza Antaktika inapoteza ngapi, nitakuuliza kwanza unatumia modeli ya nani ya mwamba.

#18 Bwana Shaka
Wanatoa kitu wasichokijua kwenye kitu walichokipima, halafu jibu wanaliita sayansi. Mimi naenda kulala.

#19 Dada Hesabu
Kabla hujalala. Mwamba unapanda kwa mwendo uleule, leo na mwaka kesho, karibu pote. Kama modeli yako ina kosa la tani bilioni 40, kosa hilo lipo kila mwaka. Linaweza kusogeza 142 ikawa 100 au 180. Haliwezi kugeuza hasara kuwa faida kati ya 2020 na 2021. Mgeuko alioleta Kipimajoto hautokani na mwamba.

#20 Bwana Shaka
(Nimeamka.) Basi kwa hesabu yako, ongezeko la 2021 lina uhakika kuliko upungufu wa miaka 20 kabla yake. Andika hivyo kwa herufi kubwa.

#21 Mkaa Baridi
Hapana, kwa sababu upungufu haukuthibitishwa na graviti peke yake. Kuna njia mbili nyingine. Moja ni kupima kimo cha uso wa barafu kwa leza na rada: ICESat kuanzia 2003, CryoSat-2 kuanzia 2010, ICESat-2 kuanzia 2018. Ya pili ni kuhesabu theluji inayoanguka ukatoa barafu inayosukumwa baharini na mito ya barafu. Mradi wa IMBIE ulikusanya njia zote tatu, ukapata Antaktika ilipoteza kama tani bilioni 2,720 kati ya 1992 na 2017. Wameandika wenyewe kuwa jibu linaweza kuzidi au kupungua kwa 1,390. Ni kosa kubwa, lakini halifiki sifuri.

#22 Kipimajoto
Mkaa Baridi, mbona 2015 kuna timu ya NASA hiyohiyo ilisema Antaktika inaongezeka? Zwally na wenzake. Walitumia kimo.

#23 Mkaa Baridi
Upo sahihi. Zwally alipata ongezeko la tani bilioni 82 kwa mwaka kati ya 2003 na 2008. Kilicholeta ugomvi ni Antaktika Mashariki. Uso wake ulikuwa umepanda kidogo, suala likawa kilichoupandisha ni nini. Ukisema ni barafu iliyoshindiliwa, uzito ni mwingi. Ukisema ni theluji mpya, uzito unapungua zaidi ya nusu. Yeye alisema ni barafu, wengi wakampinga. Hapo graviti ina faida moja: haijali kama ni theluji au barafu, inahesabu kilo.

#24 Fundi Levo
Ila upande huohuo wa Mashariki ndio wenye GPS chache na mwamba usiojulikana. Kwa hiyo graviti nayo ina mguu mmoja mfupi palepale. Hoja ya Zwally haijafa kabisa, wakuu.

#25 Baharia wa Nungwi
Asalaam alaykum. Nimesoma yote tangu juu. Mie nataka kujua moja tu: hiyo barafu ya Greenland inayotoka, maji yake yanafika kwetu Unguja au yanaishia hukohuko Ulaya? Maana hapa pwani minazi imeng'oka, mizizi iko nje.

#26 Mkaa Baridi
Yanafika, na kwetu zaidi kuliko kwao. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inavuta bahari iwe juu kuizunguka. Ikipungua, mvutano unalegea, bahari ya pale karibu *inashuka*, na maji yanasogea mbali. Bahari za tropiki zinapata zaidi ya wastani. Tani bilioni 360 ni milimita moja ya bahari yote ya dunia, hivyo Greenland ni kama robo tatu ya milimita kwa mwaka. Jumla ya dunia ni milimita tatu na ushei, nyingine ni bahari kutanuka kwa joto, barafu za milimani na Antaktika yenyewe.

#27 Baharia wa Nungwi
Yaani wao wayeyushe, sie tujae. Haya.

#28 Fundi Levo
Baharia, pole, ila minazi kung'oka usiiweke yote kwa Greenland. Milimita tatu kwa mwaka haing'oi mnazi. Angalia kuta za hoteli, angalia mchanga unaochotwa. Kisiwa cha Maziwe kule Pangani kilikuwa na miti, sasa ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama. Wapo wanaosema bahari imepanda, wapo wanaosema ni ukataji wa miti iliyokuwa imeshika mchanga. Miaka yote hii hawajakubaliana.

#29 Baharia wa Nungwi
Maziwe nimelala pale kabla halijawa fungu. Miti ilikatwa, nimeona. Lakini maji nayo, bamvua la siku hizi si la zamani. Vyote viwili.

#30 Mrembo wa Kibosho
Jamani na Kilimanjaro? Hizo pacha zinasemaje kuhusu Kibo yetu?

#31 Dada Hesabu
Hazisemi kitu, dada. Zinaona vizuri kitu chenye upana wa kama kilomita 300. Barafu ya Kibo ilikuwa chini ya kilomita mbili za mraba tayari mwaka 2011. Ile ni kazi ya picha za angani na watu kupanda na vijiti.

#32 Mrembo wa Kibosho
Sawa. Hata mvutano umetudharau.

#33 Kipimajoto
Wakuu nashukuru. Naona hakuna aliyejibu swali la mwisho: hilo ongezeko la 2021–2023 limeletwa na nini?

#34 Mkaa Baridi
Theluji, nyingi. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, ikifika bara la baridi inamwaga. Machi 2022 mto wa mvuke uliingia Antaktika Mashariki, kituo cha Concordia kikasoma nyuzi joto -11.8 katikati ya bara, karibu nyuzi 40 juu ya kawaida ya msimu. Sehemu iliyorudi juu zaidi ni Wilkes na Queen Mary, penye mito ya barafu ya Totten na Denman. Kwangu mimi huo ni mkono wa joto la dunia.

#35 Fundi Levo
Au ni La Niña, ile hali ya bahari ya Pasifiki kupoa, ya miaka mitatu mfululizo, 2020 mpaka 2023, imehamisha pepo. Miaka mitatu haitoshi kumtaja mtuhumiwa. Na hata katika hiyo miaka ya neema, mito ya barafu ya Thwaites na Pine Island upande wa Magharibi iliendelea kupoteza.

#36 Bwana Shaka
Au kipima mchapuko kilichopandikizwa. Nimesema tu.

#37 Dada Hesabu
Hilo la tatu lingeonekana hata Ziwa Victoria, Bwana Shaka. Ila la kwanza na la pili siwezi kuyatenganisha kwa data hizi, na simjui anayeweza. Mvuke wa joto na pepo za La Niña vinaweza kufanya kazi pamoja vizuri tu.

#38 Uvira Poa
Habari zenu wandugu. Mimi niko huku Uvira. 2024 Tanganyika ilipanda mpaka nyumba za watu wakahama, hata barabara ya bandari ya Kalundu iliingia maji. Hizo pacha ziliona ziwa letu, ama zinajua Victoria tu?

#39 Dada Hesabu
Karibu Uvira Poa, na poleni. Tanganyika ni ndefu, zaidi ya kilomita 600, lakini upana wake ni kama 50 tu. Kwa pacha inachanganyika na udongo uliolowa pande zote na hata na Victoria yenyewe, wataona eneo zima limekuwa zito bila kukwambia ni ziwa au shamba. Kwa ziwa lako tumia setilaiti za rada zinazopima kimo cha maji moja kwa moja. Zinapita juu ya Tanganyika kila baada ya siku chache na data ni za bure. Ila zitakwambia kimo, hazitakwambia kama Lukuga, mto unaotoa maji ziwani, umeziba pale Kalemie.

#40 Uvira Poa
Iyo ya Lukuga ndiyo watu wanagombana nayo huku. Wengine wanasema mchanga umeziba mlango wa mto, wengine wanasema ni mvua tu. Nitumie njia ya hizo data kwa ujumbe wa ndani.

#41 Jaduong Ziwa
Weka hapahapa tuone wote. Na ya Victoria pia, nina jamaa anataka kujua kama arudishe jiko chini.